Anti, nina vidonda mdomoni na mchumba wangu anadai nimechepuka

SWALI

Shikamoo Anti. Mi msomaji wako wa siku nyingi ila sijawahi kuandika, leo imebidi maana kila ninayemuuliza ananipa jibu lake na majibu yote yananitisha.

Iko hivi. Nina miaka 27, nina mchumba tupo pamoja mwaka na nusu sasa na tunapanga mambo ya ndoa. Toka nikiwa mdogo, hata kabla sijamjua yeye, huwa natokwa na vidonda kwenye mdomo, sio kila mara, unaweza kupita hata mwaka mzima hakuna kitu halafu ghafla tu hicho hapo. Sasa mwezi uliopita nikaugua homa kali, ilipoanza kushuka nikahisi mdomo wa chini pembeni unawasha unawasha na kama unachoma, kuamka asubuhi naona vipele vidogo vidogo vimejikusanya pamoja vina maji ndani, vikapasuka, pakawa pabichi panatoa majimaji, halafu pakafanya kigaga cha kahawia ambacho nikicheka tu kinachanika na damu inatoka. Anti nilikuwa natoka nje na barakoa.

Haya, hicho kikaanza kukauka nikajua yameisha. Wiki hii nimetokwa na vingine NDANI ya mdomo, viwili, kimoja ndani ya shavu na kingine chini ya ulimi, vya duara, katikati vyeupe kama njano hivi na pembeni vyekundu. Vinauma jamani, kitu kichachu siwezi, hata kupiga mswaki nafanya kuvumilia. Hivi vya ndani navyo nimevizoea, hasa nikiwa na stresi au nikikaribia siku zangu. Na juu ya hapo kona moja ya mdomo imechanika, nikipiga mwayo inachanika upya. Yaani ukiniangalia ni kama mdomo mzima umeharibika.

Nikaingia kwenye simu kutafuta picha nilinganishe, usiku huo sikulala, picha ya kwanza ukimwi, ya pili kansa, ya tatu sitaki hata kukumbuka.

Ila aliyenimaliza ni mchumba wangu. Kaona neno hepesi kwenye simu yangu, akasoma mahali kwamba ni ugonjwa wa zinaa, basi, tangu siku hiyo ni maneno tu, nimechepuka, nimemletea maradhi, kikombe nilichonywea mimi hagusi. Nikimwambia mbona vidonda hivi ninavyo toka utoto anasema najitetea. Na kinachoniuma, yeye mwenyewe kama miezi mitatu iliyopita alikuwa na kidonda mdomo wa juu, kimoja tu, kigumu ukikishika, hakikumuuma hata kidogo, mi ndo nilimwonyesha maana alikuwa hajui kama kipo, kikakaa wiki kadhaa kikapona chenyewe bila dawa. Sikumsema. Leo anakifanya ushahidi, eti changu hakikuuma na kikapona chenyewe kwa sababu mi ni msafi, chako kinauma na kinarudi kwa sababu kina mambo.

Famasi walinipa antibayotiki, na rafiki yangu kanipa krimu yake ya ngozi anayosema inakausha kila kitu, nimeipaka kidogo nikaogopa. Na dada yangu amejifungua juzi juzi tu, nimeshindwa hata kwenda kumwona mtoto.

Anti hivi nina nini? Ni ukimwi? Na huyu mwanaume nimjibu nini?

Mwenye Mdomo Wake

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole, naona hata kucheka umezuiwa. Barua yako nimeanza kuisoma nikiwaza vidonda vyako, ila nilipofika kwenye kile kidonda cha mchumba wako, kile ulichokitaja kama mtu anayepita njia, nikasimama. Tutakirudia. Tuanze na wewe.

Kwanza ondoa hilo wazo kwamba una ugonjwa mmoja uliosambaa mdomo mzima. Kwa ulivyonieleza hivyo ni vitu vitatu tofauti vilivyokutana kwenye mdomo mmoja kwa bahati mbaya, na watu wanavichanganya kila siku kwa sababu wanaangalia kidonda kinatisha kiasi gani, hawaangalii kimekaa wapi. Daktari anayejua kazi yake atakuuliza kipo sehemu gani, kilianzaje, kina muda gani, kinauma au hakiumi, na ulishawahi kukipata kabla. Ukishamjibu hayo nusu ya kazi imeisha hata tochi hajawasha. Picha ya kwenye simu haikuulizi hata moja, inakuonyesha tu kile kibaya kuliko vyote mtu alichowahi kupiga picha, si ndo maana kimepigwa picha.

Sasa hicho cha nje. Umeeleza vizuri sana, kuwasha na kuchoma kabla hakijaonekana kitu, halafu malengelenge madogo yenye maji yamejibana sehemu moja, yanapasuka, panalowa, panafanya kigaga, tena pale pale mdomo unapokutana na ngozi ya uso, tena baada ya homa. Hiyo inafanana kabisa na hepesi ya mdomo, na mara nyingi sana mwenye kuisababisha ni virusi vya hepesi aina ya kwanza, HSV-1. Homa ni moja ya vitu vinavyoviamsha, na jua kali, na uchovu, stresi, hedhi, hata mdomo kuumia tu. Kawaida kinapona chenyewe ndani ya siku 7 mpaka 10, wengine inafika wiki mbili, na hakiachi kovu kama hukukibandua bandua.

Na hapa mpe simu mchumba wako asome mwenyewe. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu wa chini ya umri wa miaka 50 wenye HSV-1 duniani ni kama bilioni 3.8, yaani asilimia 64. Wachukue watu kumi wowote, sita kati yao wanavyo, na wengi hawajui kwa sababu hawajawahi kutokwa na kidonda hata kimoja. Hata yeye mwenyewe anaweza kuwa navyo. Wengi walivipata utotoni kupitia mate, kwa kubusiwa tu na mtu mzima anayewapenda, kitanda hakihusiki. Vikishaingia vinafuata mshipa wa fahamu wa uso vinakwenda kujificha kwenye fundo la neva ndani ya fuvu, vinalala huko miaka na miaka, mwili ukichoka vinashuka tena kwa njia ile ile, ndo maana kidonda kinapenda kurudi karibu na pale pale. We umesema ulikuwa navyo toka mdogo, kabla hujamjua yeye. Basi kesi yake imekufa hapo, na hata usingekuwa navyo toka utoto, hakuna daktari anayeweza kuangalia kidonda cha hepesi akakwambia ulikipata mwaka gani na kwa nani.

Alikosoma kwamba hepesi ni ugonjwa wa zinaa hawakumdanganya ila kasoma nusu. Kuna aina ya pili, HSV-2, hiyo ndo inaambukizwa zaidi kwa ngono na inakaa sehemu za siri. Na hii ya kwanza, ya mdomoni, inaweza kuhamia sehemu za siri kama mwenye kidonda mdomoni akifanya mapenzi ya mdomo, kwa hiyo ukiwa na kidonda, au hata ile siku unahisi kuwasha na bado hakijatoka, hakuna kubusiana, hakuna mapenzi ya mdomo, na taulo, wembe, lipustiki na mafuta ya mdomo ni vya kwako peke yako. Kikombe acheni kuchangia mpaka upone, hapo nampa haki yake, lakini kukiosha kwa sabuni kunatosha, sio lazima akiogope. Virusi vinaweza kutoka hata siku ambayo hakuna kidonda, sitakuficha, ila kidonda kikiwa kibichi ndo hatari kubwa zaidi. Jambo lingine ambalo watu hawalijui, usishike kidonda halafu ukashika jicho, na kama unavaa lenzi nawa mikono vizuri kabla ya kuzigusa. Hepesi ikiingia kwenye jicho inaweza kuharibu kioo cha jicho kabisa, kwa hiyo jicho likiwa jekundu linauma na mwanga linaukataa wakati una kidonda cha mdomo, unakwenda hospitali siku hiyo hiyo.

Hivi viwili vya ndani ni hadithi nyingine kabisa. Vya duara, katikati vyeupe au njano, mduara mwekundu pembeni, na vimekaa kwenye nyama laini inayochezacheza, ndani ya shavu, ndani ya mdomo, chini ya ulimi. Madaktari wanaviita afta. Haviambukizi. Narudia tena kwa ajili ya huyo bwana wa kikombe, HAVIAMBUKIZI, sio kwa mate wala kwa kijiko wala kwa busu, sio virusi vya hepesi na wala sio zinaa. Tofauti yake na hepesi ukiikariri hutasumbuka tena, hepesi inayorudi kwa mtu mzima mwenye kinga nzuri inapenda nje kwenye mdomo, na ikitokea ndani inapenda sehemu ngumu zilizoshikana na mfupa, ufizi na kaakaa la juu, na inaanza na vilengelenge. Afta haina lengelenge, inaanza moja kwa moja kama kidonda, na inakaa kwenye nyama laini.

Zile ndogo, chini ya sentimita moja, zinapona ndani ya wiki moja mpaka mbili bila kovu. Zipo kubwa zinazozidi sentimita moja, hizo zinaweza kukaa wiki nyingi na zikaacha kovu, ukiona ya hivyo usikae nyumbani nayo. Chanzo hasa hakijulikani kwa uhakika, ila vinavyozichochea vinajulikana, stresi, hedhi kama ulivyosema, kujing'ata shavu, jino lenye ncha kali, baadhi ya dawa, na kwa watu wengine ni ile kemikali ya povu iliyoko kwenye dawa nyingi za meno, sodiamu lauri salfeti, wakibadilisha na dawa isiyo na povu hilo zinapungua. Wengine ni upungufu wa madini ya chuma, folati au vitamini B12. Kwa mtu kama wewe zinazorudi rudi mimi ningeomba kipimo cha damu cha hivyo vitu, hasa kama hedhi yako ni nzito, kwa sababu hiyo kona ya mdomo iliyochanika inanipa wazo kwamba huenda damu yako iko chini.

Kona yenyewe sikai nayo sana. Kuchanika pembeni mwa mdomo mara nyingi ni fangasi au bakteria wanaopenda pale mate yanapotuama, na mate yanatuama kwa sababu mtu analamba lamba mdomo uliokauka, nadhani nawe umekuwa ukilamba toka siku ya homa. Wanaovaa meno ya bandia wanapata sana, wenye kisukari pia, na wenye upungufu wa madini ya chuma au vitamini B2. Acha kulamba, paka mafuta mazito yasiyo na harufu yazuie mate, na kama wiki mbili zimepita haijapona uonwe upewe krimu ya fangasi au ya bakteria kulingana na atakachokiona.

Haya, sasa tumrudie mwenzio.

Kidonda kimoja. Kigumu. Hakiumi. Kimekaa wiki kadhaa kikaondoka chenyewe. Mwanangu, kati ya vidonda vyote ulivyonitajia, vyako na vyake, hicho ndo peke yake ningekimbilia kupimwa. Yeye anajivunia kwamba hakikumuuma, na mimi hicho hicho ndo kinanipa wasiwasi, kwa sababu kidonda cha kwanza cha kaswende kinakuwa hivyo hivyo, kimoja mara nyingi, kigumu ukikibonyeza, hakina maumivu, na kinatokea pale mdudu alipoingilia, kwa hiyo kikitokea mdomoni ni kwamba mdomo ndo uligusana na kidonda cha mtu mwingine. Kinatokea kama wiki tatu baada ya kugusana, ila inaweza kuwa kuanzia siku 10 mpaka 90. Halafu kinapona chenyewe ndani ya wiki 3 mpaka 6, utumie dawa usitumie, na mwenye nacho anafurahi, kumbe mdudu hajaondoka, kaingia ndani. Baadaye, wiki au miezi, anaweza kutokwa na vipele mwili mzima hata kwenye viganja na nyayo, visivyowasha, tezi zikavimba, nywele zikanyonyoka kwa mabaka, mabaka meupe ndani ya mdomo, navyo vinaondoka, na miaka mbele ukaibuka kwenye moyo na ubongo.

Sijasema anayo. Sijakiona, na kidonda kigumu kisichouma kinaweza kuwa kitu kingine, ngozi iliyokuwa inasuguliwa na jino, uvimbe mdogo wa mate, mengi. Na wewe usichukue haya maneno ukamrushia usoni kama alivyokurushia ya hepesi, utakuwa umefanya kile kile. Lakini kipimo ni damu kidogo tu, kipo kwenye kliniki karibu zote, na miezi mitatu imepita kwa hiyo kama ipo kipimo kina nafasi kubwa ya kuiona. Nendeni wote wawili, kwa sababu kama mlikuwa mnabusiana wakati anacho basi nawe uko kwenye hesabu, na mweleze mhudumu ilikuwa lini ili akwambie kama unahitaji kurudia. Ikikutwa mapema inatibika vizuri na sindano ya penisilini ya benzathini, mara nyingi sindano moja inatosha kaswende ikiwa haijafika mwaka, mradi usiwe na mzio wa penisilini, ukiwa nao mwambie kabla hajavuta dawa kwenye bomba. Nyie mnapanga ndoa na pengine watoto, kaswende inapita kwa mtoto tumboni na inaweza kumuua kabla hajazaliwa, kwa hiyo hii sio ya kusema tutaangalia.

Kuhusu ukimwi. Hakuna kidonda cha mdomo ambacho mtu anaweza kukiangalia akasema huyu ana VVU, wala cha kumwambia hana. Vipo vinavyotufanya tumsukume mtu akapime haraka, utando mweupe mdomoni ambao ukiufuta unatoka na chini panabaki pekundu kwa mtu mzima ambaye hatumii dawa ya kuvuta ya pumu wala hajatoka kumeza antibayotiki, au hepesi iliyokaa zaidi ya mwezi haiponi, au afta kubwa zisizoisha. Wewe kwa maelezo yako hujanitajia hata kimoja. Pima tu siku hiyo hiyo mtakayopima kaswende, mkono ule ule damu ile ile, halafu uache kujitesa usiku.

Na kansa uliyoiona kwenye picha, kanuni yake ni muda. Kidonda chochote cha mdomo ambacho kimefika wiki tatu hakijapona, au baka jekundu au jeupe lisilofutika, au uvimbe ulioanza kuwa mgumu, au mdomo wa chini una sehemu inayofanya gamba na kutoka damu pale pale kila siku, hata kama hauumi, unakwenda kwa daktari wa meno au wa kinywa aangalie na pengine akate kanyama kadogo kapimwe. Wanaotumia tumbaku ya aina yoyote, ya kuvuta au ya kutafuna, na pombe, wawe wepesi zaidi, na ukichanganya vyote viwili hatari inapanda kuliko kimoja kimoja. Vyako vinakuja vinaondoka, tena sehemu tofauti tofauti, kansa haina tabia hiyo.

Kuna jambo moja nalitia hapa japo sio lako, maana najua barua hizi wanasoma wengi. Mtu akianza dawa mpya, iwe ya kifafa, ya salfa, ya gauti, halafu ndani ya wiki chache midomo inavimba inachubuka inatoka damu, macho yanawaka, ngozi inauma na kuanza kufanya malengelenge, hapo hamsubiri asubuhi, ni hospitali muda huo huo na dawa mnakwenda nayo mkononi. Na mtoto mdogo mwenye homa na vidonda mdomo mzima anayekataa kunywa, angalieni mkojo, nepi ikikaa kavu masaa mengi mpelekeni, kinachowamaliza watoto hapo ni kukaukiwa na maji.

Dawa zako sasa. Antibayotiki inaua bakteria, virusi haiwagusi, kwa hiyo kwa kidonda cha hepesi haikukusaidia, kilipona kwa sababu siku zake zilifika. Hiyo krimu ya rafiki irudishe leo. Krimu nyingi za kukausha kila kitu zina steroidi ndani, na steroidi ukiipaka peke yake juu ya hepesi inashusha kinga ya pale na virusi vinapata uwanja. Cha kuchekesha ni kwamba kwenye afta daktari anaweza kukuandikia steroidi ya kupaka mdomoni na ikakufaa sana, ndo maana nakwambia lazima ujue kipi ni kipi kabla ya kupaka. Ya hepesi ni asikloviri, krimu unapaka mara tano kwa siku kwa siku nne au tano, ila utamu wake uko kwenye kuwahi, siku ile ile ya kuwasha, kikishafanya kigaga umechelewa na faida ni ndogo. Kama inakurudia mara nyingi kwa mwaka kuna vidonge, hivyo daktari akuandikie. Kama jua ndo linakuamshia, paka mafuta ya mdomo yenye kinga ya jua kabla ya kutoka. Kwa vya ndani sukutua maji ya uvuguvugu yenye chumvi nusu kijiko cha chai kwenye glasi, tumia mswaki laini, achana na vikali na vichachu mpaka vipoe. Usiweke aspirini juu ya kidonda kama wanavyofanya wengine, inaunguza nyama na utapata kidonda juu ya kidonda. Damu ya vipimo vya madini na vitamini wachukue kabla hujaanza kumeza vidonge vya kuongeza damu kwa kubahatisha.

Mtoto wa dada yako. Umefanya vizuri kuogopa, na ningetamani watu wote waogope hivyo, kwa sababu hepesi kwa mtoto mchanga wa wiki za mwanzo inaweza kwenda kwenye ubongo na ini ikamuua. Subiri mpaka hapo nje pamepona kabisa, kigaga kimedondoka chenyewe na ngozi imefunga, halafu nenda, nawa mikono, mbebe, ila usimbusu usoni wala mikononi, maana mikono yake anaiweka mdomoni mwenyewe. Vile vya ndani havina shida kwake. Na mwambie dada yako hiyo sheria ya kutobusu iwe ya wageni wote, wengi wao wana hivyo virusi na hawajui. Mtoto mchanga akipata homa au akakataa kunyonya au akawa mlegevu baada ya kubusiwa na mwenye kidonda, hospitali, na wasisahau kumtajia daktari hicho kidonda.

Na huyu mwanaume umwambie nini. Mimi nisingebishana naye tena kuhusu nani kamletea nani nini. Ningemwambia, wewe una wasiwasi na mdomo wangu na mimi nina wasiwasi na ule wa kwako wa miezi mitatu iliyopita, Jumatatu tunakwenda kupima wote, kaswende na VVU, mimi na damu yangu ya madini juu, majibu tutasoma pamoja. Akikubali, vizuri, mtaongea mengine mkiwa na karatasi mkononi. Akikataa kupima huku anaendelea kukuita mchafu, we nenda kapime peke yako, na maandalizi ya ndoa yasubiri kwanza mpaka naye apime. Ukifika kliniki usianze na neno hepesi wala kaswende, mweleze kama ulivyonieleza mimi, kilikaa wapi, kilianzaje, kilichukua muda gani, na kile chake pia.